Maji Yanaporudi Bombani



Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo kila nyumba ya mjini inalijua, nalo ni bomba lisilotoa maji. Ndugu zetu wakaao Chake Chake, Wete na Mkoani hawahitaji kuelezwa sana. Unafungua bomba asubuhi, linakoroma na kutoa upepo. Unaambiwa umeme umekatika. Umeme unarudi, maji hayaji. Unaambiwa pampu imeharibika, au zamu ya mtaa wenu ni kesho. Kesho inafika, na maji yanakuja saa nane ya usiku watu wote wamelala.

Mara nyingi tunayazungumza mambo haya kama kero tu za mjini. Tunalalamika, kisha tunanyamaza. Leo tuyatazame kama jambo la afya. Tunafanya hivyo kwa sababu ipo hatari moja ambayo wengi wetu hatukufundishwa: maji ya kwanza yanayotoka bombani baada ya kukatika ndiyo ya kuogopwa kuliko yote, na hayo ndiyo tunayoyakimbilia kwa furaha.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Mama mmoja amekaa siku tatu bila maji. Ameacha bomba wazi na ndoo chini yake ili asikie maji yakija. Usiku wa manane anasikia sauti. Anaruka kitandani, anakinga ndoo, madumu, sufuria na mtungi wa kunywea. Maji yana rangi kidogo, lakini anasema moyoni, "Alhamdulillahi, Mungu ametukumbuka," kama wasemavyo majirani zake. Alfajiri mtoto wake wa miaka miwili anaamka na kiu, anapewa kikombe cha maji ya mtungini. Kesho yake mtoto anaanza kuharisha.

Bibi wa jirani anakuja kumjulia hali.

"Mwanangu, mtoto kala nini?"

"Hakula kitu kibaya, bibi. Uji tu, na maji ya bomba."

"Basi ni meno yanaota hayo."

Wote wawili wanampenda mtoto, lakini hakuna hata mmoja anayeyashuku maji. Yalitoka bombani, na bomba ni la serikali, basi huhesabiwa kuwa ni salama. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

1. KWA NINI MAJI YA KWANZA NI YA HATARI

Maji mengi ya bomba hapa Pemba yanatoka ardhini, katika visima virefu, nayo husukumwa kwa pampu za umeme. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, uliojengwa kwa msaada wa Norwei. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Kwa hiyo hitilafu ya umeme, hata iliyotokea mbali nasi, inaweza kukausha mtungi wa nyumba ya Machomane au Limbani.

Sasa fikiria lile bomba lililo chini ya ardhi. Hakuna bomba la zamani lisilo na tundu au kiungo kilicholegea. Maji yanapojaa na kusukumwa kwa nguvu, hutoka nje kupitia tundu hilo. Tunapoteza maji, lakini uchafu hauwezi kuingia. Pampu inaposimama na bomba kubaki tupu, mambo hugeuka. Maji machafu yaliyo kwenye udongo huingia ndani kupitia tundu lile lile. Kama bomba limepita katikati ya mtaro, au karibu na shimo la choo, kinachoingia ni kinyesi cha watu. Wakati wa Masika, udongo unapolowa na mitaro kujaa, hatari huongezeka.

Kisha pampu inawashwa. Maji mapya yanasukuma yale machafu yote yaliyokusanyika, yanabomoa na ukoga ulioganda ndani ya bomba, na kuyaleta yote kwako mara moja. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Hubli-Dharwad, nchini India, ulilinganisha mitaa inayopata maji muda wote na ile inayopata kwa vipindi. Mitaa ya vipindi ilikutwa na vijidudu vingi zaidi vya kinyesi, hasa maji yalipoanza kufika na wakati wa mvua.

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Aliye bondeni hupata maji kwanza, aliye kilimani hungoja. Baadhi ya watu kwa kukata tamaa wamefunga pampu ya kuvutia maji moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Pampu hiyo inamnyima jirani maji, na zaidi ya hayo inavuta uchafu kutoka ardhini kuingia bombani. Anayeifunga anainywesha familia yake mwenyewe maji ya mtaro. Kama ni lazima kuwa na pampu, ivute maji kutoka kwenye tangi lako yakishaingia, isivute kutoka bomba la mtaa.

2. TUMEKWISHA KUYAONA MADHARA YAKE

Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1978, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Mlipuko ulioanza mwaka 2015 na kuendelea hadi mwaka 2016 uliwapata watu zaidi ya 4,000 wa Unguja na Pemba. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kunywa, dozi mbili. Ilionekana kwamba chanjo iliwakinga waliokunywa, na hata majirani zao ambao hawakunywa walipata nafuu, kwa kuwa ugonjwa ulikosa njia ya kupita. Tujifunze hapo kwamba afya ya jirani ni sehemu ya afya yetu.

Maji machafu huleta pia homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini na minyoo. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hakui vizuri hata kama anapewa chakula.

Kukatika kwa huduma huumiza kwa njia nyingine pia. Ndugu zetu wa Unguja walikaa bila umeme kwa muda wa mwezi mmoja mwaka 2008, halafu tena kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mtaalamu mmoja aliyechunguza kumbukumbu za uzazi baada ya giza la mwaka 2008 aliona kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito pungufu. Watu walipoteza kazi na kipato, na mama mjamzito akabeba mzigo huo mwilini mwake. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kero za umeme na maji ni manung'uniko ya watu wa mjini tu.

3. LA KUFANYA MAJI YANAPORUDI

Tunajua kwamba mtu aliyekaa siku tatu bila maji hawezi kuambiwa amwage maji. Hatusemi mmwage. Tunasema mgawe kazi.

(a) Weka vyombo vya aina tatu, na kila mtu wa nyumbani avijue. Chombo cha kwanza ni cha choo na kuoshea sakafu. Cha pili ni cha kufulia na kuoga. Cha tatu ni cha kunywa na kupikia, na hicho kisitumike kwa kazi nyingine yoyote.

(b) Maji yanapoanza kutoka, kinga ya kwanza katika chombo cha choo. Kisha jaza vya kufulia. Vya kunywa vikingwe mwisho, maji yakiwa yametoka kwa dakika kadhaa na rangi imekwisha.

(c) Maji meupe bado yanaweza kuwa na vijidudu, kwa hiyo ya kunywa ni lazima yatibiwe kila mara. Chagua njia moja unayoimudu:

- Kuchemsha. Yakishatokota sawasawa kwa dakika moja yanatosha. Yaache yapoe ndani ya chombo hicho hicho kikiwa kimefunikwa.

- Vidonge vya klorini. Soma maelekezo ya pakiti, maana vidonge hutofautiana. Koroga, funika, ngoja nusu saa ndipo unywe. Usitumie dawa ya kufulia yenye harufu ya manukato.

- Jua. Tia maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ilaze juu ya bati tangu asubuhi kwa saa 6 za jua. Kukiwa na mawingu, iache siku mbili.

(d) Kama maji yana tope, yaache yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kabla ya kuyatibu. Akina mama wa vijijini Bangladesh walifundishwa kuchuja maji kwa vazi kuukuu lililokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua karibu nusu. Khanga kuukuu iliyofuliwa vizuri inafaa kwa kazi hii. Iliyochakaa huchuja vizuri kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimesambaa. Lakini kuchuja peke yake hakutoshi, ni maandalizi ya kutibu.

Wengine watasema, "Mkaa ni ghali, nitachemshaje maji yote hayo?" Tupige hesabu. Mtu mmoja hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku. Familia ya watu 6 inahitaji karibu dumu moja la lita 20 tu la maji ya kunywa. Maji ya kufulia na kuoga hayana haja ya kuchemshwa. Tibu dumu moja kila siku, na umekwisha kuilinda nyumba yako.

4. JINSI YA KUTUNZA MAJI

Maji yanayokatika hutulazimisha kuweka akiba, na akiba nayo ina hatari zake.

Kwanza ni mikono. Maji yaliyochemshwa vizuri huharibika mara tu mtoto anapochovya kikombe na mkono wake. Chombo cha kunywea kiwe na mdomo mwembamba au koki, na kifunikwe daima. Kama mnatumia mtungi na kata, kata iwe na mpini mrefu, na itundikwe mahali safi, isiwekwe chini. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kugusa chakula. Maji yakiwa haba watu huacha kunawa, na hapo ndipo magonjwa yanaposhamiri. Dumu dogo lililotobolewa tundu na kutundikwa karibu na choo linatosha kunawisha watu wengi kwa maji kidogo.

Pili ni mbu. Mbu anayeleta homa ya dengi hapendi madimbwi machafu. Anapenda maji safi ya pipa na mtungi, naye huuma mchana. Mayai yake hugandamana ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji. Kumwaga maji tu hakuyaondoi. Kila wiki sugua kuta za pipa kwa brashi, suuza, na ufunike kwa kitambaa kilichokazwa.

Tatu ni uzito. Dumu la lita 20 lililojaa lina uzito wa kilo 20. Huo si mzigo wa mtoto wa darasa la pili, wala wa mama mwenye mimba kubwa. Tumieni madumu madogo. Na akina baba, kuchota maji hakumpunguzii mwanamume heshima. Yosefu wa Nazareti aliishi katika nyumba isiyo na bomba.

5. MTOTO AKIHARISHA

Usingoje kujua kama ni meno au ni jicho la watu. Anza mara moja kumrudishia maji yaliyopotea. Koroga paketi moja ya ORS katika lita 1 ya maji salama. Kama hakuna paketi, tumia lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima vizuri, maana chumvi nyingi ni hatari. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu endelea polepole zaidi. Maziwa ya mama yasikatizwe hata kidogo, na chakula aendelee kupewa. Kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalize vyote hata kama kuhara kumekoma.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa ukiona moja ya haya: kinyesi kama maji ya mchele, damu katika kinyesi, macho yaliyoingia ndani, kulia bila machozi, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, au kulegea na kusinzia. Kipindupindu kinaweza kumwua hata mtu mzima kwa saa chache. Endeleeni kumnywesha njiani.

6. HASIRA TUIPELEKE WAPI?

Hatuwezi kulimaliza somo hili bila kusema juu ya moyo. Mtu aliyekesha akingoja maji, akaenda kazini na usingizi, akapanga foleni ofisini na kuambiwa arudi kesho, huyo anarudi nyumbani na hasira. Mara nyingi hasira hiyo humwangukia asiye na kosa. Mtoto aliyemwaga kikombe anapigwa. Mke na mume wanagombana juu ya ndoo. Foleni ya kisimani inageuka uwanja wa matusi. Mwenye shinikizo la damu analala vibaya, anasahau vidonge vyake, na presha inapanda.

Kukasirika kwa kunyimwa maji si dhambi. Hata wana wa Israeli walipokosa maji jangwani walimnung'unikia Musa, hata akaogopa watampiga kwa mawe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinatueleza alilofanya. Hakuwajibu watu kwa ghadhabu, wala hakuwapuuza. Alimlilia Mungu, na Mungu akamwambia achukue baadhi ya wazee, waende pamoja mpaka penye mwamba. Kiu ilikuwa ya wote, na safari ya kutafuta maji ikafanywa na wengi wakiwa pamoja.

Nasi tufanye hivyo. Lalamiko la mtu mmoja mlangoni pa ofisi husahauliwa kabla ya saa sita. Lalamiko la mtaa mzima lililoandikwa halisahauliki upesi. Hatua ni hizi:

(a) Kila nyumba iandike katika daftari siku maji yalipokuja, saa ngapi, na yalikuwa na rangi gani. Fanyeni hivyo kwa mwezi mmoja.

(b) Vijana watembee na kuandika mahali bomba linapovuja, hasa linapopita mtaroni au karibu na choo. Haya ni mambo ya kuripotiwa kwanza.

(c) Jumuiya Ndogo Ndogo isifanye peke yake. Sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Bomba ni moja, na kipindupindu hakiulizi dini. Kaeni na majirani, mchague watu watatu au wanne wenye busara, wanawake wakiwemo.

(d) Nendeni kwa Sheha, kisha kwa ofisi ya maji ya wilaya mkiwa na barua katika nakala mbili. Ombeni nakala yenu igongwe muhuri na kutiwa tarehe. Ulizeni ni siku gani mrudi, na mrudi siku hiyo.

(e) Ombeni jambo ambalo haligharimu fedha nyingi: ratiba ya mgao iliyobandikwa mahali pa wazi na kufuatwa. Mtu anayejua maji yatakuja Jumanne jioni halali na bomba wazi, hapotezi maji, na hakingi kwa pupa.

(f) Nasi tutimize wajibu wetu. Tulipe ankara za maji, tusijiunganishie bomba kwa siri, tufunge koki.

Msidhani kwamba kudai maji safi ni jambo dogo. Mwaka 1892 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulisambaza maji ya mto bila kuyachuja, na kipindupindu kikaua watu zaidi ya 8,000 kwa muda wa wiki chache. Mji wa Altona, uliopakana nao, ulitumia maji ya mto huo huo lakini uliyachuja kwa mchanga, nao ukasalimika kwa kiasi kikubwa. Kazi ya ofisi ya maji ndiyo iliyowatenganisha waliokufa na waliopona. Ndiyo maana tunadai kwa upole, lakini tunadai bila kuchoka.

Usiku huu, kabla ya kulala, tazama vyombo vyako vya maji. Chagua kimoja kiwe cha kunywea, kioshe, kipe kifuniko. Kisha waambie wa nyumbani: maji yakirudi, ya kwanza ni ya choo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni wapi bomba limepita mtaroni au karibu na choo? Nani atakwenda kuripoti?

2. Nyumbani kwetu nani huchota maji, na nani hunywa kwanza? Je, mzigo umegawanywa kwa haki?

3. Nani katika Jumuiya yetu ni mzee au mgonjwa asiyeweza kuamka usiku kukinga maji? Tumsaidieje?

4. Mara ya mwisho tulipokasirika kwa kukosa maji au umeme, hasira yetu ilimwangukia nani?